Chungu Kisichokuwa cha Mama

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi nisiyejua kufinyanga hata kikombe. Naanza na hilo ili msomaji asinionee huruma kabla ya wakati. Nafasi ya kujifunza nilikuwa nayo miaka zaidi ya arobaini. Mama alichimba udongo bondeni nje ya mji, akaubeba kichwani hadi kwetu Lizaboni, akaukanyaga kwa miguu nyuma ya jiko, na mimi nilikuwa nikipita pembeni na madaftari kwapani, nimeinua sketi isichafuke.

Alizaliwa mwambao wa Ziwa Nyasa, akaolewa na Mngoni, baba yetu, akaletwa Songea akiwa na jiwe moja laini la mtoni la kusugulia vyungu. Watu wa mjini walishahamia kwenye masufuria zamani, lakini wapika pombe ya komoni hawakuacha kumjia, na wale wazee wanaoapa kwamba maharage ya sufuria si maharage. Hakuwahi kujiita msanii. Ukimuuliza anafanya kazi gani alikujibu, "Nalima." Vyungu vilikuwa kitu cha kufanya akisharudi shambani, kama wengine wanavyosuka ukili.

Alifariki mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, amekaa kwenye kigoda chake anasubiri chai. Mimi ndiye niliyekuwa naileta. Niliweka kikombe chini, nikamlaza, nikamfumba macho, kisha nikachukua simu nikaanza kuwaarifu watu kwa mpangilio, nikianzia na paroko. Sikulia siku hiyo wala siku ya kuzika. Mtani wetu mmoja alivaa gauni la mama la shambani, akajipaka udongo miguuni, akazunguka uani huku ameshika kiuno na kugombeza kuku vile vile alivyokuwa akifanya mama. Waombolezaji walicheka hadi wakalia. Mimi nilikuwa nahesabu sahani. Shangazi, dada yake baba, alinivuta pembeni akaniuliza kama nimepewa dawa.

"Hapana, shangazi."

"Basi lia, mwana. Watu wanakuangalia."

Nilijaribu. Ningeweza kupiga yowe kama wenzangu, sauti ninayo, nimefundisha darasa la wanafunzi tisini. Lakini ndani hapakuwa na kitu cha kupigia yowe. Palikuwa na ganzi tu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, hakuja kuzika. Yuko Marekani mwaka wa kumi na tano sasa, na wakati ule karatasi zake za ukaazi zilikuwa mezani kwa watu; angetoka asingeruhusiwa kurudi. Alizika kwa simu. Jirani yetu wa nyumba ya pili aliishika simu juu ya vichwa vya watu, mtandao ukawa unakatika, na mdogo wangu akaliona jeneza la mama likishuka kaburini vipande vipande. Tuliporudi nyumbani aliniomba nimtembeze kwenye nyumba, naye akiangalia kupitia simu. Nikamwonyesha kitanda, picha ya Moyo Mtakatifu, jiko, kigoda. Tulipofika stoo akasema, "Simama hapo, dada. Juu ya ubao kuna nini?"

Kulikuwa na chungu kibichi. Mama alikifinyanga mwishoni mwa mwaka, akakiweka kikauke kivulini, na hakuwahi kukichoma. Kilikuwa chungu cha kawaida cha maharage. Shingoni alikuwa amezungusha mistari mitatu ya vitone kwa gunzi la hindi, na chini ya mdomo palikuwa na kibonyeo cha dole gumba lake, pale aliposhika alipokiinua.

"Hicho nitunzie," alisema. "Kichome, nitakuja kukichukua kwenye arobaini. Karatasi zitakuwa tayari. Tafadhali, dada, sitaki kitu kingine."

Ni lazima nieleze kwa nini mtu mzima alitaka chungu cha maharage na si shamba. Mdogo wangu ni mlinzi katika nyumba ya makumbusho ya watu weusi, kwenye mji ambao wengi wa wakazi wake ni vitukuu wa watumwa. Mle ndani kuna makabati ya vioo yenye vinyago, vigoda, vyungu na vibuyu vya ugoro, na chini ya kila kimoja kuna kikaratasi: Afrika ya Mashariki, msanii hajulikani. Afrika ya Kati, msanii hajulikani. Yeye husimama hapo saa nane kwa siku. Aliwahi kuniambia, "Dada, mimi nalinda watu wasiojulikana."

Nyumba ile inaongozwa na mama mmoja mzee, kitukuu wa watumwa. Ana nakala ya orodha ya mauzo ambamo bibi wa mabibi zake ameandikwa kuwa mwanamke, umri kama miaka ishirini, mwenye afya. Jina hakuna. Haijulikani alitoka wapi. Labda huku kwetu, labda upande mwingine kabisa wa bara. Siku moja mama huyo alimuuliza mdogo wangu, "Wewe mama yako unamjua jina? Na kijiji chake? Na alikuwa anatengeneza vitu kwa mikono?" Mdogo wangu alipojibu ndiyo mara tatu, yule mama akasema, "Basi tuletee kitu kimoja ambacho tunaweza kukiandika jina." Hicho ndicho chungu kilichokuwa kwenye ubao wa stoo yangu.

Kwetu vitu vya marehemu havigawiwi na vumbi lake. Kabla ya siku ya kugawa, wanawake wa ukoo hukusanyika kuosha kila kitu alichokitumia: nguo, vyombo, jembe, kandambili, hadi rozari. Vikishakauka ndipo kila mtu anachukua chake na msiba unakwisha. Shangazi alikuja kusimamia kazi hiyo wiki mbili kabla ya arobaini, na wanawake wawili wa jumuiya yetu ya kanisani wakaja kumsaidia. Mvua ilikuwa imeacha asubuhi hiyo. Tulitandika maturubai uani, tukajaza mabeseni, na kazi ikaanza. Mimi nilikuwa mletaji. Shangazi anauliza, "Bado nini?" nami naingia ndani natoka na kitu. Mablanketi. Masufuria. Mwavuli. Tochi tuliipangusa kwa kitambaa chenye maji, maana mwanamke mmoja wa jumuiya alisema betri haipendi kuoga.

"Bado nini?"

Nikaingia stoo nikatoka na chungu.

Nilijua. Naandika hivi ili nisije nikajificha nyuma ya msiba. Mtoto wa darasa la tatu anajua udongo mbichi ukikutana na maji unafanya nini, na mimi nimezaliwa katika nyumba ya udongo mbichi. Lakini siku zile nilikuwa nafanya kila ninachoambiwa, kwa mpangilio, bila kusikia kitu. Kula, nakula. Lala, nalala. Osha, naosha. Nilikizamisha chungu kwenye beseni la maji ya sabuni, nikachukua kitambaa, nikaanza kukisugua shingo taratibu, kama mtoto anavyosuguliwa Jumamosi. Maji yalibadilika yakawa mekundu. Nilisikia vitone vya gunzi vikitoweka chini ya kiganja changu, na hata hapo niliendelea kidogo. Hicho kidogo ndicho kinachonisumbua hadi leo.

Shangazi ndiye aliyenishika mkono.

"Mwana, hiki si kilikuwa kibichi?"

"Kilikuwa kibichi."

"Na wewe ni mwalimu." Hakusema kwa hasira. Alikiinua kwa mikono miwili, kitako kikiwa kinalegea, akakiweka juu ya gunia kavu, akajifuta vidole kwenye kitenge chake. "Mungu wangu. Huyo mtoto tutamwambia nini?"

Nilimwambia asimwambie kitu, nitakitengeneza. Shangazi akarudi kwenye mablanketi.

Kwa muda wote uliobaki nikawa mfinyanzi. Nilikiacha chungu kinywee maji yake, nikakisugua kwa jiwe la mama, nikachukua gunzi nikarudishia mistari mitatu. Ilikwenda upande kama mwandiko wa mtoto anayeanza shule. Pale chini ya mdomo nilibonyeza dole gumba langu. Mama alikuwa na dole pana, la mtu aliyelima maisha yake yote. Langu ni la kushikia chaki. Niliangalia kile kibonyeo chembamba, sikuona aibu wala huzuni. Nilijisemea tu kwamba mdogo wangu hatapima.

Mvua ilirudi, chungu kikakauka nje na ndani hakikukauka. Hilo sikulijua. Mama alikuwa akiviotesha vyungu moto wa jikoni siku nzima, akivigeuza geuza, kabla ya kuvipeleka kwenye moto wenyewe. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mia, nikidhani anapenda tu kukaa karibu na jiko. Jumatano mdogo wangu alikuwa angani, atafika Jumamosi kwa basi la kutoka Dar es Salaam. Nilitoka shule mapema, nikapanga magome na magunzi na kinyesi kikavu cha ng'ombe nyuma ya jiko, nikakiweka chungu katikati, nikafunika kwa nyasi na kuwasha.

Mama akichoma alikuwa haitikii salamu mpaka moto ushike. Ungepita ukamwamkia, angekutazama tu, na watu wa mtaani walishazoea. Mimi nilimwitikia kila aliyepita. Habari za saa hizi, nzuri. Pole na kazi, nimeshapoa. Unachoma nini mwalimu, chungu. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Kilichokiua ni maji yaliyokuwa ndani yake. Kililia mara tatu, mlio wa bisi kwenye sufuria lakini mkubwa, na vipande viliruka hadi ukutani kwa jirani. Moto ulipoisha nilifagia, nikaoga, nikakaa mezani kusahihisha madaftari ya darasa la sita. Wiki ile tulikuwa kwenye misafara ya biashara kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa. Ubaoni nilikuwa nimeandika bidhaa zilizobebwa: pembe za ndovu, watumwa. Watoto wote walikuwa wamenakili kwa mpangilio huo huo, na mimi nikaweka vema hadi daftari la mwisho.

Ijumaa nikaenda soko kuu. Kuna mama mmoja anakuja na vyungu kwa basi la Mbamba Bay, anavipanga chini karibu na wauza dagaa, kila kimoja kimeviringishwa nyasi. Tukaamkiana, ni rika langu. Nikapitisha macho nikakiona, umbo lile lile, vitone vya gunzi shingoni, mistari miwili badala ya mitatu.

"Cha maharage hicho," alisema. Alikiweka kiganjani, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikaitika. "Umesikia? Kizima huitika. Kikiwa na ufa kinanyamaza. Unapeleka wapi?"

"Kwa ndugu yangu."

"Mwambie akichemshie uji kwanza, kishibe, ndiyo aweke maharage."

Nilikifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda nikiwa nimekipakata, na kufika nyumbani nikakiweka kwenye ubao wa stoo. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Alikiona kikipita. Hakuuliza, na tangu siku ile hajawahi kuuliza.

Mdogo wangu alifika amenenepa, na mvi mbili tatu kwenye ndevu. Alikwenda kaburini kwanza, akakaa huko peke yake, akarudi macho mekundu. Kisha akaingia stoo. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Alikitoa chungu kwenye ubao kwa mikono miwili, akakigeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha, na dole gumba lake likawa linatafuta chini ya mdomo. Vyungu vyote vya mkono vina mahali vilipobonyea. Likapata.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo alipokuwa ameshika."

"Ndiyo."

Uongo wangu wote ulikuwa neno hilo moja. Nilikuwa nimeandaa maelezo mengi, hayakuhitajika. Aliketi juu ya gunia la mahindi, chungu kifuani, akalia kwa sauti kama tulivyokuwa tukilia utotoni, na mimi nikamshika bega. Nilikuwa nawaza kwamba maharage yameungua. Kweli yalikuwa yameungua.

Alikaa wiki mbili. Tulifanya misa, tukagawa vitu, akaondoka na chungu kikiwa kimefungwa kwenye kitenge cha mama, na ndani ya ndege alikipakata, hakukubali kiwekwe juu na mizigo. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipanda ndege mbili ikavuka bahari.

Mwezi wa saba ilikuja picha. Nilikuwa katika ofisi ya walimu, tunakula kande. Chungu kilikuwa ndani ya kabati la kioo, taa zinamulika juu yake, na kulia na kushoto vitu vingine na vikaratasi vyao vya msanii hajulikani. Kikaratasi cha chungu chetu kilikuwa kirefu. Majina ya mama yalikuwa hapo yote matatu, na jina la ubatizo. Chini yake: mfinyanzi na mkulima, Lizaboni, Songea. Mwalimu mwenzangu alichungulia simu akasema mama yangu sasa ni mtu mashuhuri. Nikasema ndiyo, nikachota kande.

Mdogo wangu alinisimulia siku ya kufungua. Watu walipanga foleni hadi nje. Yule mama mzee aliomba jina lisomwe kwa sauti, akasoma yeye, wakalirudia wote pamoja, wakilivunja vunja, maana ndimi zao hazikulijua. Mzee mmoja alilia akasema katika maisha yake yote hajawahi kuona kitu cha kule chenye jina la mtu. "Dada," aliniambia, "wanasema ni mama yao pia. Wanamwita hivyo. Wakipita kwenye lindo langu wananisalimia, mtoto wa mama."

Nilisikia kitu kidogo hapo. Mtu akichomwa ganzi ya jino, anajua jino lipo na linatobolewa, ila maumivu yanasikika kwa mbali kama ni ya mtu mwingine. Ilikuwa aibu ya namna hiyo.

Kisha akaniomba sauti. Nyumba ile ilitaka kuweka spika ndogo kando ya kabati, mgeni akibonyeza, amsikie binti wa mfinyanzi akieleza kwa Kiswahili jinsi mama alivyokifinyanga chungu hiki. Dakika tatu tu. Wangeandika tafsiri ukutani. Nilimwambia nitarekodi Jumamosi.

Jumamosi asubuhi nilifunga mlango wa chumba, nikakaa kitandani, nikabonyeza. "Chungu hiki kilifinyangwa na mama yangu." Nikafuta. Nikaanza tena, sauti ikatoka ya darasani, nikafuta. Mara ya tatu, ya nne. "Ndiyo" ni neno fupi, mtu anaweza kulisema akiwa amelala, lakini kwa dakika tatu unahitaji mikono, unahitaji udongo, na kila nikiifuata ile mikono akilini hainipeleki kwa mama. Inanipeleka kwa mwanamke anayekaa karibu na wauza dagaa. Yeye ndiye aliyechimba ule udongo. Yeye alizungusha lile gunzi, mistari miwili. Kisha mimi nilikuja nikachukua kitu chake na kukipeleka ng'ambo bila jina lake, mimi ninayesimama mbele ya watoto na chaki kuwaeleza jinsi watu walivyochukuliwa hivyo hivyo. Waliochukuliwa wale walipotezewa majina na watu waovu. Huyu kapotezewa na mwalimu, mwanamke wa jumuiya, kwa kuwa alichoka.

Nikabonyeza mara ya tano nikasema yote. Beseni, sabuni, kitambaa, ule muda kidogo nilioendelea kusugua. Moto na salamu. Soko. Nilisema kwa sauti ile ile ya kusoma mahudhurio. Ilitoka dakika kumi na moja. Nikaituma, nikatoka kwenda kuanua nguo.

Alama mbili za bluu zilionekana mchana ule ule. Jibu halikuja. Jumapili halikuja. Jumatatu saa kumi jioni, nikiwa natoka shule, akapiga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Nilisikia anapumua.

"Nimemwambia yule mama," alisema. "Nilimwambia jana baada ya ibada yao. Nilidhani atanifukuza."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, kwa hiyo yuko mwanamke aliyekitengeneza, na yuko hai, na dada yako anajua anakokaa? Nikasema ndiyo. Akasema, basi tusilie bado. Mwambie aende akamwulize jina." "Wameshaondoa kikaratasi cha mama. Wamekitoa leo asubuhi. Nimekishika mimi."

Nilisogea kando ya barabara, nikatua madaftari.

"Kwa nini hukuniambia kilipoharibika?" aliuliza. "Nilikuwa nyumbani wiki mbili, dada. Tulikuwa tunakula sahani moja."

"Ulikuwa umeshanyoosha mikono kukipokea."

Simu ikakatika. Sijui kama ni yeye au mtandao.

Nilienda sokoni siku iliyofuata. Yule mama wa vyungu alikuwepo, nikachutama mbele yake nikamwonyesha picha, nikamweleza mwanzo hadi mwisho, pamoja na uongo. Alisikiliza huku akiviringisha nyasi. Nilitegemea adai kitu, nilikuwa tayari. Alichofanya ni kuichukua simu yangu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama ndani ya kabati lile kwa makini ya fundi.

"Hawajakichemshia uji," alisema.

"Hawapikii. Wanakiangalia."

"Kinaangaliwa tu?" Akanirudishia simu. "Haya. Andika jina langu." Akanitajia, nikaandika, akaniambia nimsomee, akasahihisha herufi moja. "Na kijiji. Na aliyenifundisha, naye aandikwe?"

"Naye aandikwe."

Aliyemfundisha alikuwa mama yake mkwe. Nikaandika majina yote mawili. Hapa siyataji; yako kwenye kikaratasi chao, yanasomwa huko kwa sauti, nimesikia rekodi. Wanayavunja vunja vile vile. Na spika iliwekwa, ina sauti yake mwenyewe, si yangu. Alirekodi pale pale sokoni, na nyuma yake unamsikia mtu akinadi dagaa.

Kwa hiyo kila kitu kilikaa sawa, isipokuwa mimi na mdogo wangu. Tulikuwa tunaandikiana kama watu wa ofisi. Dada shikamoo, marahaba, wazima, wazima. Hakuwa na kitu cha mama, na aliyemnyang'anya alikuwa ni mimi. Kitenge alikuwa amebaki nacho, lakini kitenge kila mtu anacho.

Mwezi wa kumi, Jumapili moja baada ya misa, akapiga. Hakusalimia.

"Dada, vigae viko wapi?"

"Vigae gani?"

"Vya mama. Kilipasuka, umesema. Ulifagia. Ulivitupa wapi?"

Nilikuwa nimesimama sebuleni na kitabu cha nyimbo mkononi. Tangu Jumatano ile sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilikumbuka wakati huo huo, na nikajua nitamwambia, maana sikuwa na nguvu ya uongo wa pili.

"Getini," nilisema. "Palikuwa na dimbwi. Nilivimwaga pamoja na matofali yaliyovunjika. Ulikuwa unakuja na mizigo, sikutaka bajaji inase."

"Getini ninapopita."

"Ndiyo."

"Nilikuwa navikanyaga."

"Ndiyo. Kila siku."

Nilimsikia akilia, si kama kule stoo. Alilia taratibu, bila kupaza sauti, mtu mzima aliye peke yake ugenini, na hakukata simu. Kisha akauliza kama bado vipo. Nikamwambia vitakuwepo, udongo ukishaonja moto hauozi. Hilo alilisema mama, sijui lini. Nilikuwa sijui kwamba nalijua.

"Nitafutie," alisema. "Hata kimoja. Hata kiwe kidogo."

Nilichukua jembe la mama nikatoka nikiwa bado na gauni la kanisani. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua zilikuwa hazijaanza, na magari ya miezi yote ile yalikuwa yamelishindilia lile shimo likawa kama sakafu. Nililima juu juu nikiogopa kuvunja. Nikatoa tofali, nikatoa tofali jingine, kisha nikaacha jembe nikapiga magoti nikaendelea kwa vidole. Kigae cha kwanza kilikuwa cha kitako. Cha pili kilikuwa na vitone, vile vyangu vilivyokwenda upande. Nilikipangusa kwa upindo wa gauni, na ndipo iliponiuma. Nikakibana kifuani.

Jirani wa nyumba ya pili, yule aliyeshika simu siku ya kuzika, alikuwa anatoka bombani na ndoo yake. Akasimama.

"Mwalimu, umepoteza nini?"

"Mama," nilisema. "Nimempoteza mama."

Alitua ndoo, akakunja kanga yake, akapiga magoti upande wa pili wa shimo, akaanza kuchimbua.